Kalipa za Mtumba au Seti Mpya: Kisa cha Forester Iliyoishiwa na Breki Mteremko wa Kericho

Jioni ya Ijumaa moja mwezi Machi, shemeji yangu alikuwa akiteremka kutoka Kericho kuelekea Awasi, akiwa na abiria wanne na magunia mawili ya viazi vya Molo nyuma ya gari, pale pedali ya breki ilipoanza kulainika chini ya mguu wake na kuzama hadi karibu na sakafu. Mbele yake kulikuwa na lori la miwa. Aliipampu pedali mara kadhaa, akashusha gia hadi ya pili, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, na gari likasimama kwenye changarawe kando ya barabara bila mtu kuumia. Baada ya nusu saa hivi pedali ilirudi ikawa ngumu kama kawaida, naye akamalizia safari ya Kisumu kwa mwendo wa kinyonga.

Gari lenyewe ni Subaru Forester ya mwaka 2005, yenye injini ya turbo, gia za otomatiki, rimu za inchi 16, na breki za mbele za kiwandani: diski za milimita 294 zinazobanwa na kalipa, yaani kibanio kinachosukuma vipande vya msuguano viitwavyo pedi dhidi ya diski; kalipa hii ni ya kuteleza na ina pistoni mbili. Mimi nina gereji ndogo hapa Nakuru, eneo la viwandani, na kazi yangu kubwa ni breki. Jumatatu asubuhi gari lilipofika kwangu, mwenyewe alikuwa ameshaamua.

“Shemeji, hizi breki za kiwandani nimeachana nazo,” aliniambia kabla hata hajazima injini. “Nitafutie Brembo.”

Katika simu yake alikuwa na picha za mali tatu. Ya kwanza ilikuwa jozi ya kalipa nyekundu za mtumba za Brembo, kampuni inayotengeneza breki, za magurudumu ya mbele pekee, zilizotoka kwenye Subaru Impreza WRX STi, pamoja na diski zake, kwa shilingi 85,000. Ya pili ilikuwa jozi ya kalipa za Subaru zenye pistoni nne, nazo za mtumba, zisizopakwa rangi na zenye vumbi la miaka, kwa shilingi 38,000. Ya tatu ilikuwa seti mpya ya kuagizwa ng'ambo, yenye pistoni sita, diski za milimita 330, pedi na mipira ya kupitishia mafuta ya breki, ambayo ukijumlisha nauli, ushuru na VAT ya asilimia 16 ingepita shilingi 300,000, yaani karibu nusu ya bei ambayo mtu angempa kwa gari zima. Nilimwomba aniachie gari siku mbili kabla ya kumlipa yeyote, kwa sababu maelezo yake yalikuwa na jambo moja lisilolingana na tiba aliyoichagua.

Jambo hilo ni pedali kuzama. Breki zinapochoka kwa joto huchoka kwa njia mbili, na mguu wa dereva unaweza kuzitofautisha. Pedi zikipata joto kupita uwezo wake, pedali hubaki ngumu ilhali gari halipungui mwendo, kwa kuwa pedi inabanwa sawasawa lakini haishiki tena diski. Mafuta ya breki yakichemka, hali huwa kinyume: ndani ya kalipa hutokea mvuke, na kwa kuwa mvuke hubanika ilhali mafuta hayabaniki, nguvu ya mguu huishia katika kuubana huo mvuke na pedali huzama. Kisha joto likishuka mvuke hurudi kuwa mafuta, na pedali hurudi kana kwamba hapakuwa na tatizo. Shemeji alikuwa amenieleza, bila kujua, kisa kamili cha mafuta kuchemka.

Nilipofungua chombo cha mafuta ya breki niliyakuta meusi kama chai ya rangi iliyolala. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa kupitia mipira na kifuniko, na kila tone la maji hushusha kiwango cha joto ambacho yatachemka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kipimo hicho kinashuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 vipimo ni 230 na 155. Ndiyo sababu ya desturi ya kubadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili hata kama gari halitembei sana. Shemeji amekuwa na gari hilo kwa miaka mitano, na katika muda wote huo mafuta ya injini yamebadilishwa kwa uaminifu mkubwa ilhali ya breki yaliongezwa tu.

Kulikuwa na tatizo la pili. Nililiendesha gari hadi Njoro na kurudi, nikipunguza mwendo kwa breki mara nyingi kwa makusudi, kisha nikapima diski kwa kipimajoto cha kulenga kwa mbali: ya kulia ilisoma nyuzi 238, ya kushoto 151. Tofauti ya namna hiyo haitoki kwenye mafuta. Nilipofungua upande wa kulia, pedi ya ndani ilikuwa imebaki na milimita 3 na ya nje milimita 8, kwa sababu pini moja ambayo kalipa huteleza juu yake ilikuwa imeshikana. Mtu fulani aliwahi kuipaka grisi ya kawaida ya beringi. Grisi hiyo, kwa kuwa hutengenezwa kwa mafuta ghafi ya petroli, huvimbisha mpira wa pini hadi pini isiweze kusogea; inayotakiwa hapo ni grisi ya silikoni. Kwa hiyo pedi ya ndani ilikuwa ikisugua diski muda wote, hata mguu ukiwa mbali na pedali, na joto lake lilikuwa likiingia moja kwa moja kwenye mafuta yaliyojaa maji.

Hapa inafaa kueleza kwa nini mteremko ule ndio ulioyafichua yote. Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu takriban mita 1,130. Ukipiga hesabu ya nishati, kila mita 100 gari linaloshuka bila kuongeza mwendo huzalisha joto sawa na la kulisimamisha kabisa mara nne kutoka kilomita 80 kwa saa, na uwiano huo haubadiliki kwa uzito wa gari, ingawa joto lenyewe huongezeka kwa kila gunia. Mteremko wa mita 850 ni sawa na kusimama mara thelathini na zaidi. Upepo, magurudumu na injini hubeba sehemu ya mzigo huo, lakini dereva anayeacha gia kwenye D, nafasi ya mwendo wa kawaida, kutoka Kericho hadi Awasi ameamua kwamba sehemu kubwa itabebwa na breki. Nilimweleza shemeji kwamba nafasi za 3 na 2 kwenye gia yake ziliwekwa kwa ajili ya barabara kama hiyo, na kwamba zingemsaidia siku ile kuliko pistoni sita. Wanaoishi Nakuru hawahitaji kusimuliwa ajali zinazotokea kati ya Sachang'wan na Salgaa magari mazito yanapoteremka bila kutumia gia.

Jumatano nilibadilisha sili (mipira inayozunguka pistoni na kuzuia mafuta yasivuje) na pini za kalipa za kiwandani pande zote mbili, nikaweka pedi mpya na DOT 4 mpya, gharama yote ikiwa shilingi 16,000. Shemeji alikwenda Kisumu mara mbili, na Jumamosi moja nilifuatana naye hadi Ahero kupima mwenyewe. Tofauti ya joto kati ya kulia na kushoto haikuzidi nyuzi 15, na pedali ilibaki imara hadi mwisho wa mteremko. Kama fedha zingekuwa zangu, ningeishia hapo.

Hata hivyo, mwenye gari hakutaka kuishia hapo, na alikuwa na hoja moja ambayo sikuweza kuipuuza. Kalipa ya kuteleza inategemea pini, pini zinategemea mipira midogo, na gari lake hupita barabara za vumbi kila mwisho wa wiki anapokwenda kwao. Kalipa yenye pistoni pande zote mbili za diski imekazwa mahali pake na haina pini za kuteleza, kwa hiyo haina kile kilichomwangusha. Basi nikakubali tuzichambue zile mali tatu, kwa sharti kwamba hakuna kitakacholipiwa bila kufunguliwa.

Kwanza nilimwondolea dhana ambayo nimeikuta kwa wateja wengi, kwamba pistoni nne zina nguvu maradufu ya pistoni mbili. Katika kalipa ya kuteleza, pistoni zote ziko upande mmoja. Zinasukuma pedi ya ndani, na mwili wa kalipa unajivuta na kubana pedi ya nje kwa nguvu ileile. Katika kalipa ya pistoni nne, mbili zinasukuma kutoka ndani na mbili kutoka nje, kwa hiyo nguvu ya kubana huhesabiwa kwa pistoni za upande mmoja tu. Zikiwa na kipenyo sawa na zile mbili za awali, nguvu ni ileile. Kinachopatikana ni mwili mgumu usiojipinda sana, pedali yenye hisia safi zaidi, na pedi zinazolika sawasawa. Wala umbali wa kusimama mara moja haupungui: ikiwa breki ulizo nazo zinaweza kuifanya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kukwama, ianze kufanya kazi, basi kinachoamua umbali huo ni tairi. Diski kubwa na kalipa kubwa hununua uwezo wa kubeba joto mara kwa mara, na hicho ndicho kipimo sahihi cha kuzilinganisha.

Brembo nyekundu zilikuwa za kwanza kuondolewa, ingawa ndizo alizozipenda. Diski zake ni za milimita 326 na kalipa yake haingii ndani ya rimu ya inchi 16, kwa hiyo bei ya 85,000 ingefuatwa na rimu nne za inchi 17 na tairi zake. Pia zilikuwa za mbele tu. Ukiongeza diski na kalipa kubwa mbele huku nyuma ukibaki na ya zamani, unahamisha mgawanyo wa breki kwenda mbele: magurudumu ya mbele yanafikia kikomo mapema, ya nyuma yanafanya kazi ndogo kuliko uwezo wake, na umbali wa kusimama unaweza hata kurefuka. Kuchukua na za nyuma pia si rahisi kama wauzaji wanavyosema, kwa sababu breki ya mkono ya Subaru hizi ni dramu iliyo ndani ya diski ya nyuma, nayo ina vipimo viwili, milimita 170 na 190, ambavyo havibadilishani bila kubadilisha vifaa vya nyuma yake.

Lakini hata kabla ya hesabu hiyo, rangi ilinitia shaka. Magari yanayoagizwa Kenya hayaruhusiwi kuzidi umri wa miaka minane, kwa hiyo gari la kizazi kile haliji tena likiwa zima. Kalipa zake hutoka kwenye magari yaliyovunjwa Japani au yaliyogongwa hapa nchini, na umri wake unakaribia au umepita miaka 18. Japani ya kaskazini humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hula alumini. Kalipa ya umri huo yenye rangi inayong'aa imepakwa upya, na rangi mpya hufunika hasa yale ambayo mnunuzi anatakiwa kuyaona.

“Fundi, hizi zimetoka Japani juzi tu, hazina neno,” muuzaji aliniambia tulipofika kwake.

“Sikatai, ndugu yangu. Niruhusu nitoe pistoni moja hapa mbele yako. Nikikuta pasafi, shemeji anakulipa sasa hivi.”

Aliruhusu, na kwa hilo namshukuru, kwani wengi hukataa. Skrubu ya kutolea hewa ya kalipa ya kushoto ilikuwa imekatikia ndani na kichwa chake kubandikwa kwa gundi chini ya rangi. Pistoni niliitoa kwa hewa ya kompresa, nikiwa nimeweka kipande cha mbao mahali pa diski, kwa maana pistoni ikifyatuka inaweza kuvunja kidole. Chini ya sili, ndani ya mfereji wake, palikuwa na chokaa nyeupe ya alumini iliyoliwa.

Mfereji huo ndio moyo wa jambo zima, na ningependa mtu yeyote anayenunua kalipa za mtumba aufahamu. Sili ya pistoni ni mpira wenye umbo la pembe nne, na kazi yake si kuzuia mafuta pekee. Breki inapokanyagwa, sili hujikunja kidogo ikifuata pistoni. Mguu ukitoka, inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kiasi kidogo sana, na hivyo pedi inaachana na diski. Chokaa ikijaa mferejini inaisukuma sili ikaze pistoni, pistoni hairudi, pedi inaendelea kusugua, na joto linapanda. Yaani ugonjwa uleule uliomsimamisha shemeji yangu kando ya barabara ungeweza kuuzwa kwake tena kwa shilingi 85,000, ukiwa umepakwa rangi nyekundu.

Seti mpya niliichambua kwa heshima, kwa maana ina faida ambazo mtumba hauwezi kuwa nazo: sili zake hazijazeeka, vipimo vyake vinajulikana, na ukikuta kasoro kuna wa kumrudishia. Kwa anayeshindana mbio, na Nakuru ina vijana wengi walioingiwa na hamu hiyo tangu Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 pale Naivasha, ningeipendekeza bila kusita. Kwa gari la familia na viazi nilikuwa na pingamizi mbili mbali na bei na rimu. Pedi zake zina umbo ambalo sikulipata Nakuru wala Nairobi, kwa hiyo siku zitakapoisha gari litangoja mzigo kutoka ng'ambo. Na kalipa zenyewe, kwa kuwa zimetengenezwa kwa mashindano, hazikuwa na mpira wa nje wa kuzuia vumbi. Katika mashindano kalipa hufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara. Huku kwetu ingekula vumbi jekundu mwaka mzima bila kuguswa.

Zikabaki zile za Subaru zenye pistoni nne, ambazo kiwanda kilizifunga kwenye baadhi ya Impreza WRX. Zinatumia diski ileile ya milimita 294 iliyokuwa tayari kwenye gari, ambayo unene wake bado ulikuwa juu ya kiwango cha chini kilichopigwa chapa kwenye diski, na zinaingia ndani ya rimu za inchi 16. Ukubwa wa diski haubadiliki, na mgawanyo wa mbele na nyuma hauvurugiki sana. Nilizifungua kwa muuzaji: mifereji yote ilikuwa safi, nyuzi za kufungia zilikuwa nzima, skrubu za kutolea hewa zililegea bila kukatika, ila pistoni mbili zilikuwa na vishimo vya kutu kwenye ukanda unaopita kwenye sili. Nilimwonyesha, akashusha bei hadi 30,000.

Hapo ndipo hesabu ya kweli ya mtumba inapoanza, maana nilichokuwa nimenunua ni mwili wa alumini tu. Sili na mipira ya vumbi ya pande zote mbili ilikuwa shilingi 9,000, pistoni mbili mpya 7,000, skrubu mpya za kutolea hewa 1,600, pedi 8,500 na mafuta 1,800. Jumla ikawa 57,900, bila kuhesabu kazi yangu, ambayo kwa shemeji sikuitoza. Boliti zinazounganisha nusu mbili za kalipa sikuzigusa, wala sishauri gereji yoyote izifungue bila maelekezo ya mtengenezaji. Sili nilizilainisha kwa mafuta safi ya breki, kamwe si kwa petroli, ambayo mafundi wengi huoshea kila kitu na ambayo huharibu mpira huu siku hiyohiyo.

Wakati wa kufunga, kijana wangu alibadilisha kulia na kushoto, kosa ambalo ni jepesi kwa kuwa mashimo yanalingana. Nililigundua nilipoona skrubu za kutolea hewa ziko chini. Zinatakiwa ziwe juu, kwa sababu hewa hupanda. Zikiwa chini unaweza kumwaga lita nzima ya mafuta na pedali isipate ugumu. Tulifungua, tukarudia, na baada ya hapo nililipeleka gari tena barabara ya Njoro, nikalishusha mwendo mara kumi kutoka kilomita 60 hadi 15 bila kusimama kabisa, ili pedi zikubaliane na diski.

Sasa ni miezi minne. Joto la kulia na kushoto linatofautiana kwa nyuzi chache, pedi za ndani na nje zinalika sawa, na tarehe ya kubadilisha mafuta nimeiandika kwenye kipande cha utepe chini ya boneti. Breki za nyuma nitazifungua Desemba. Kalipa za kiwandani shemeji alitaka kuziuza, na mnunuzi alipatikana haraka, dereva wa Forester nyingine kutoka Molo. Nilizifunga kwenye mfuko safi na kuweka ndani karatasi inayoonyesha pini, sili na grisi zilizobadilishwa na siku zilipobadilishwa, kisha nikamwambia yule dereva azifungue hapo mezani kwangu kabla hajatoa pesa.